Mama Vipimo na Kona ya Tela

Mama Vipimo alikuwa na miaka arobaini na tisa, magoti mawili yaliyolalamika kila alipopanda ngazi, na sifa moja aliyoitembeza karakana nzima bila haya: katika miaka kumi na minne ya kuchora matela, hakuna tela lake hata moja lililorudi limevunjika. Jina la Mama Vipimo hakupewa na wazazi. Lilitoka kwa mafundi, kwa sababu hakuwahi kuamini kipimo alichokipima mara moja. Alipima, akaandika, akarudi kupima tena, na ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba tepu nayo huchoka kama mtu.

Karakana ile ilitengeneza matela ya kuvutwa na trekta: ya mchanga, ya matofali, na ya kubebea matanki ya maji. Watu kumi na wanane walifanya kazi pale chini ya paa moja refu la bati, na injinia alikuwa yeye peke yake. Jumatatu hiyo aliingia kazini akiwa hoi tayari. Binti yake mkubwa alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, akajifungua mapacha, na mapacha wale walikuwa wamegawana zamu: mmoja akilala, mwenzake anaamka. Wiki saba zilikuwa zimepita bila mtu yeyote katika nyumba ile kupata usingizi wa maana.

Bosi Mdogo alikuwa akimngoja mlangoni na karatasi mkononi. Aliitwa hivyo kwa sababu baba yake, mwanzilishi wa karakana, ndiye aliyekuwa Bosi Mkubwa. Mzee alishastaafu, na mwanawe alikuwa mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, lakini jina likishakukaa limekukaa.

"Shikamoo mama. Wamekataa."

"Marahaba. Wamekataa nini, asubuhi yote hii?"

"Hesabu zako."

Barua ilitoka ofisi ya maji. Walitaka matela kumi na mawili ya kubebea matanki ya lita elfu tatu. Mama Vipimo aliwapelekea kurasa sita za hesabu za nguvu ya fremu, alizoziandika kwa mkono wake, kila mstari umenyooka kama uzi. Sasa wao walisema wanashukuru, ila wanataka uthibitisho wa kompyuta, ule wa kuligawa umbo katika vipande vidogo vidogo na kukokotoa mkazo wa kila kipande. Walitoa wiki sita.

"Wameona kosa gani?" aliuliza.

"Hawajasema kuna kosa. Wamesema ni za mkono."

Alisoma barua mara ya pili, kisha akaikunja. "Basi tafuta mtu anayeijua hiyo kazi."

"Nimeuliza, mama. Wapo wachache na wana foleni ya miezi mitatu. Lakini programu tunayo. Ile aliyokuwa akiitumia yule kijana aliyehama. Iko kwenye kompyuta ya stoo."

"Bosi, mimi nina miaka arobaini na tisa."

"Najua, mama. Lakini injinia ni wewe."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mama Vipimo alijiona keshakauka, keshatiwa chumvi na keshaning'inizwa. Akaenda stoo.

Kompyuta ile ilikaa kwenye kona ya stoo ya vipuri, kati ya rafu ya beringi za magurudumu na mashine ya kujaza upepo, imefunikwa kitambaa kilichokuwa cheupe zamani. Mashine ya upepo ilipowaka, taa zilififia na meza ikatetemeka, na mara mbili wiki ile ya kwanza kompyuta ilizimika kabisa na kazi yake yote ikapotea. Ndipo alipoanza kuja huko saa saba mchana, mafundi wakienda kula na mashine zikinyamaza. Alikula kwa mkono wa kushoto, akashika kipanya kwa mkono wa kulia. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa mia nne. Zilikuwepo pia video za mtu mmoja wa mbali aliyefundisha kwa kasi ya mtu aliyeacha sufuria motoni. Mama Vipimo alizisimamisha kila baada ya sentensi moja, akaandika kwenye daftari, akairudia sentensi ileile.

Nadharia yenyewe haikuwa mgeni kwake. Aliipitia chuoni, miaka ishirini na mitano nyuma, akaifanyia mtihani, akaisahau kwa amani. Jioni moja, pacha mmoja akiwa begani kwake, alijaribu kumweleza mume wake, ambaye watu wote mtaani walimwita Mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza na wakati huo alikuwa akisahihisha madaftari mezani.

"Chuma kizima huwezi kukikokotoa, umbo lake gumu," alisema mke. "Basi unakikata kata ndani ya kompyuta, vipande elfu, elfu kumi. Kila kipande kimeshikana na jirani zake kwenye pembe. Kimoja kikisukumwa kinamsukuma jirani, jirani naye jirani yake. Kompyuta inatafuta hali ambayo wote wametulia."

Mwalimu aliweka tiki kwenye daftari. "Kama watoto wangu kwenye benchi. Wa mwisho akisukuma, wa mwanzo anaanguka."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa mbona uso umekushuka hivyo?"

"Kwa sababu leo nimeweka chuma cha mita moja na mzigo wa kilo mia, kompyuta ikaniambia kimepinda mita nane."

Mwalimu alicheka mpaka pacha akashtuka. Mama Vipimo hakucheka. Alikuwa ameanza na jambo jepesi kuliko yote: bomba la mraba la milimita hamsini, urefu mita moja, limeshikwa upande mmoja na mzigo umening'inizwa upande wa pili. Hesabu ya mkono ilisema litapinda milimita nane. Hilo alilijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni. Kompyuta ikatoa mita nane, tena bila aibu, ikachora na picha yenye rangi nzuri.

Ilimchukua siku mbili kugundua kosa. Programu ile haikujua vipimo. Ilijua namba tu. Yeye aliingiza urefu kwa milimita, lakini ugumu wa chuma akauandika kwa kipimo kingine, pungufu mara elfu moja. Mama Vipimo mzima, apimaye kila kitu mara mbili, kadondoka kwenye vipimo! Hakumwambia mtu pale kazini.

Akarekebisha. Safari hii kompyuta haikutoa jibu lolote, ilitoa maandishi mekundu: alisahau kuiambia bomba limeshikwa wapi, kwa hiyo kwa kompyuta lilikuwa linaelea tu hewani, ukiligusa linaenda zake. Akalishika. Jibu likaja: milimita tano. Akavigawa vipande vikawa vidogo zaidi, ikawa sita na nusu. Akabadilisha aina ya vipande, akachukua vile ambavyo pande zake zinaweza kupinda, ikawa saba nukta tisa. Hapo wiki ya pili ilikuwa inakwisha, na macho yalikuwa yakimwasha kama amekata vitunguu.

Ijumaa hiyo alimwendea Cheche, fundi mkuu wa kuchomelea. Cheche alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye madoa ya kuungua mikononi kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka yote kumi na minne, na kati yao hapakuwa na urafiki wala uadui. Palikuwa na heshima ya watu wanaoogopa kila mmoja jicho la mwenzake.

"Fundi, nina ombi. Nibanie bomba la hamsini kwenye jiliwa, mita moja iwe nje, unitundikie kilo mia za vyuma chakavu."

"La nini?"

"Nataka kuona litapinda kiasi gani."

Cheche alimtazama. "Si una kompyuta?"

"Ndiyo maana."

Walilibana, wakatundika, wakapima. Milimita tisa. Wakapima tena. Tisa.

"Nane ya mkono, saba nukta tisa ya kompyuta, tisa ya kweli," alisema Mama Vipimo.

"Nani mwongo hapo?"

Aliinama akaangalia jiliwa. Meza iliyofungiwa jiliwa ilikuwa imeinuka kidogo upande wa nyuma. "Jiliwa lako linacheza, fundi. Kwenye hesabu mimi nimesema limeshikwa na mlima."

Cheche akashusha vyuma kimoja kimoja. "Hakuna kitu kilichoshikwa na mlima," alisema, akaenda kunawa.

Mama Vipimo alirudi stoo akiwa na nguvu kidogo. Wiki ya tatu akaanza kuchora tela lenyewe: mihimili miwili mirefu, vyuma vitano vya kukingama, na mbele, mkono wa kuvutia unaoungana na chuma cha kwanza cha kukingama. Aliweka uzito wa tanki lililojaa, akauzidisha mara mbili kwa ajili ya mashimo ya barabarani, akashika ekseli na ncha ya mkono. Kompyuta ilifanya kazi dakika arobaini. Picha ilipotoka, tela lote lilikuwa la bluu na kijani, tulivu, isipokuwa sehemu moja: pale mkono wa kuvutia unapokutana na chuma cha kukingama, kwenye kona ya chini, palikuwa na doa jekundu dogo kama punje.

Mkazo wa mia mbili na kumi. Chuma chao huanza kusalimu amri kwenye mia mbili na hamsini. Hesabu yake ya mkono ilikuwa imesema mia na arobaini.

"Haya," alijiambia, "ni vipande vikubwa hivi. Nikivipunguza jibu litatulia, kama lilivyotulia la bomba."

Akavipunguza nusu. Mia mbili na sitini. Akavipunguza tena. Mia tatu na thelathini. Tena. Mia nne na ishirini. Kila alivyotazama kwa karibu ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Kwa namba ile, tela lilipaswa kukatika likiwa bado getini.

Alishinda na kona ile siku saba. Alibadilisha mzigo, akabadilisha namna ya kushika ekseli, akafuta mchoro mzima akachora upya. Kona ikapanda vilevile. Nyumbani alikuwa anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Siku moja binti yake alimpa pacha ambadilishe nepi, akambadilisha yule ambaye alikuwa ameshabadilishwa na kumwacha aliyelowa. "Mama, pumzika," binti alisema. "Huyu ninayemshika ni nani?" aliuliza yeye, na wote wawili wakabaki wanatazamana wasijue kama ni kicheko au kilio.

Siku ya nane alishusha kiburi, akampigia simu shoga yake wa chuoni. Huyo alikuwa mwanamke mcheshi aliyebaki kwenye ualimu, akifundisha wahandisi chuo cha mbali. Hawakuwa wameongea tangu mwaka juzi.

"Shoga! Kuna msiba?"

"Kuna kona," alisema Mama Vipimo, akamweleza yote, namba moja baada ya nyingine.

Upande wa pili kikasikika kicheko. "Pole mwenzangu. Siku saba! Mimi ilinichukua mwezi mzima, na nilikuwa na mwalimu. Sikiliza. Kona yako umeichora kali?"

"Digrii tisini."

"Kali kama wembe?"

"Kali."

"Basi huko hakuna jibu. Kwenye kona kali ya hesabu mkazo hauna mwisho. Ukigawa vipande vidogo zaidi, namba inapanda, ukigawa tena inapanda, mpaka uzeeke. Kompyuta haikosei, inajibu swali uliloiuliza. Lakini shoga, kona kali kama wembe umeiona wapi hapa duniani? Fundi akishachomelea, si kuna mviringo?"

"Upo."

"Nenda kaupime. Chora kitu kilichopo, usichore kitu ulichokichora kwenye karatasi. Halafu nipigie tena, lakini siyo baada ya miaka miwili."

Mama Vipimo alikata simu akakaa dakika tano akitazama rafu ya beringi. Hakuwa na furaha. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyesukuma mlango kutwa nzima, kumbe mlango ni wa kuvuta. Akachukua tepu, tochi na kipande cha kadibodi cha kunakilia umbo, akaenda uwanjani ambako tela moja la maji lilikuwa limekamilika, limepakwa rangi, linamngoja mwenyewe. Akatandika gunia chini, akalalamikiwa na magoti yote mawili, akajisukuma chini ya mkono wa kuvutia.

Aliwasha tochi. Kona haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na bamba la chuma, refu kama kiganja na kidole, limechomelewa vizuri kutoka kwenye mkono hadi kwenye chuma cha kukingama. Rangi ilikuwa imelifunika. Alilipima. Akalipima tena. Kwenye mchoro wake hapakuwa na bamba lolote.

Alitoka chini ya tela taratibu, mgongoni ana vumbi, akamfuata Cheche kwenye meza yake.

"Fundi, lile bamba chini ya mkono limetoka mchoro gani?"

Cheche alikuwa ameinua barakoa usoni. "Bamba lipi?"

"Usinifanye mtoto."

Cheche akazima mashine. Akavua glavu, ya kwanza, ya pili, akaziweka mezani kama mtu anayejiandaa kwa safari. "Halijatoka mchoro wowote," alisema.

"Liko kwenye matela mangapi?"

"Yote. Kuanzia la nane."

Kumbe ilikuwa hivi. Mwaka ule wa kwanza, Mama Vipimo akiwa likizo ya uzazi, amejifungua kitinda mimba wake, tela la tatu lilirudi limepasuka kwenye kona ileile. Msimamizi wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, alimwambia Cheche aweke kiraka na asimsumbue mama wa watu mwenye mtoto mchanga. Matela mengine manne yalikuwa yameshachomelewa na kutoka. La nane likawekewa kiraka. Mama akarudi kazini, msimamizi akanyamaza, Cheche naye akanyamaza, mwezi ukawa mwaka.

"Na mimi nakagua kila fremu," Mama Vipimo alisema. "Kila moja! Mbona sijawahi kuliona?"

"Nalichomelea ukishapiga muhuri wako. Kabla ya rangi."

"Miaka kumi na mitatu, fundi?"

"Ungeniuliza limetoka mchoro gani," alisema Cheche kwa sauti ya chini. "Kama ulivyoniuliza leo. Na mimi sina mchoro. Nina macho tu."

Mama Vipimo alitaka kufoka. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, na mengine yalikuwa ya haki kabisa. Lakini aliona aibu ikimpanda kutoka shingoni, kwa sababu alikumbuka mara zote alizosimama katikati ya karakana hii akajisifu kwamba hakuna tela lake lililovunjika, na huyu mtu akiwa amesimama palepale, mikono nyuma, akimsikiliza.

"Njoo stoo," alisema.

Cheche hakuwahi kuitazama picha ile. Alisimama nyuma ya kiti, akaegemea mbele hadi pua ikakaribia kioo. Mama Vipimo alizungusha tela kwenye kompyuta, akaligeuza tumbo juu, akaisogeza kona.

Cheche akaweka kidole juu ya doa jekundu. "Hapa ndipo lilipopasuka. Kutoka hapa, likaenda hivi." Kidole kilifuata njia ya rangi ya chungwa bila kukosea hata kidogo. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo tatizo."

Halafu Cheche akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Haya, lichore na bamba tuone."

Wiki ya tano waliimaliza hivyo, saa saba mchana, yeye kwenye kiti na fundi kwenye ndoo. Alichora kona kama ilivyo, na mviringo wa kuchomelewa. Bila bamba, mkazo ulitulia kwenye mia mbili na tisini. Sasa vipande vikipunguzwa namba haikupanda tena. Ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa namba ya kweli. Alipoweka bamba la Cheche, kona ikapoa mara moja. Ila doa jipya likatokea mwisho wa bamba, pale lilipokatwa mraba.

"Mbona unalikata mraba?" aliuliza.

"Ndivyo mabaki yanavyotoka kwenye mashine ya kukatia."

"Ukilikata mshazari, likaisha kama ulimi?"

Cheche aliwaza. "Ni dakika mbili zaidi kwa kila moja."

Akalichora kama ulimi. Mia na sabini, na haikusogea tena hata vipande vilipopunguzwa mara mbili. Mama Vipimo aliiangalia namba ile muda mrefu. Alidhani atafurahi siku hiyo ikifika. Alisikia usingizi tu.

Ripoti ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Bosi Mdogo aliisoma kwenye meza yake, akafika ukurasa wa nne, akasimama.

"Mama, hii sentensi ya nini? 'Umbo la awali lilipata ufa.' Wao wanajuaje? Tuifute."

"Usiifute."

"Tunajichongea."

"Bosi, nimechoka," alisema, na alikuwa amechoka kweli, hata sauti haikupanda. "Sina nguvu ya kubishana na wewe. Lakini ukiifuta, jina langu nalo lifute chini pale, uandike lako."

Bosi Mdogo alitazama mahali pa sahihi. Akaiacha sentensi.

Kwenye mchoro mpya Mama Vipimo alitaka kumwandika Cheche kwamba bamba ni wazo lake. Cheche alikataa katakata. "Usiniandike mahali popote. Kesho likivunjika wataniita mimi."

"Halivunjiki."

"Hata lile la kwanza ulisema hivyo."

Akaliacha bamba bila jina.

Jibu la ofisi ya maji lilikuja baada ya siku tisa. Walikubali. Waliona dosari moja tu: kurasa za ripoti zilikuwa na namba, lakini ukurasa wa kumi na nane ulijirudia mara mbili. Kuhusu sentensi ya ufa hawakusema neno.

Karakana ilishangilia, soda zikanywewa. Mama Vipimo alikunywa nusu ya soda yake, akaenda ofisini akafungua kitabu cha zamani cha kukabidhi mizigo. Swali moja lilikuwa likimkera tangu siku ile ya tochi. Matela saba yalitoka bila bamba. Moja ndilo lililorudi, likatiwa kiraka. Mawili, alipopiga simu, aliambiwa yalishauzwa kama chuma chakavu. Yalibaki manne, na manne hayo yalikuwa yapo barabarani mahali fulani, na kona ile.

Alimwambia Bosi Mdogo, akidhani patakuwa na vita. Bosi alikuna kichwa, akasema, "Chukueni pikapu Jumamosi. Na ile mashine ya kuchomelea ya jenereta."

Jumamosi ya kwanza walikwenda kwenye machimbo ya mchanga. Cheche alilala chini ya tela, akakwangua rangi kwa brashi ya waya. Halafu akamwita. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole cha shahada. Dereva wa trekta alikuwa kijana mwenye kofia nyekundu, anakula muwa pembeni, na alisema tela halijawahi kumsumbua. Mama Vipimo alimtazama, akatazama mteremko wa barabara ya machimbo, akalazimika kwenda kukaa kwenye pikapu. Cheche alichomelea peke yake.

La pili walikuta fundi wa barabarani alishaliwekea kipande cha chuma cha pembe, kibaya kuangalia, lakini kimeshika. Cheche alikipigapiga kwa nyundo, akasema, "Huyu mtu namheshimu," na kuongeza ulimi wake pembeni kwa usalama. La tatu lilikuwa limebadilisha wamiliki mara tatu. Wa mwisho walimpata kwa simu, akalileta mwenyewe karakana, akalalamika kwamba anapotezewa muda, kisha akaondoka bila kuaga.

La nne lilikuwa mbali kuliko yote, mwendo wa saa nne na nusu, nusu yake vumbi tupu. Walifika kwa mwanamke mmoja mjane aliyekuwa na biashara ya matofali zamani. Aliwakaribisha maji, akawasikiliza maelezo yote ya ufa na kona na hatari ya barabarani, akitikisa kichwa kwa adabu. Kisha akawapeleka nyuma ya nyumba.

Tela lilikuwepo. Magurudumu hayakuwepo. Lilikuwa limeinuliwa juu ya matofali, limezungushiwa wavu wa waya, limeezekwa bati, na ndani yake kuku wapatao arobaini waligeuka wote kwa pamoja kumtazama injinia wao.

"Halijavutwa tangu mume wangu afariki, Mungu amrehemu," mama yule alisema. "Miaka sita sasa. Lakini ni imara, mwanangu, siwezi kusema uongo. Mvua, upepo, halitikisiki."

Cheche aliangalia mashine ya kuchomelea nyuma ya pikapu, akaangalia kuku, akamwangalia Mama Vipimo. "Nichomelee?"

Mama Vipimo alifungua mdomo kujibu, kikamtoka kicheko. Hakikuwa kikubwa, hakuwa na pumzi ya kikubwa, lakini hakikukoma. Alishika wavu kwa mkono mmoja akacheka hadi machozi, na mwenye nyumba naye akaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Hatimaye akajifuta kwa kanga aliyopewa aikalie, akalizunguka tela akalikagua lote, kwa sababu ndivyo alivyo, akaandika kwenye daftari: *halitumiki barabarani*.

Waliagwa vizuri. Cheche alishika usukani kwa sababu mwenzake macho hayakuwa yakifunguka. Kabla hawajafika barabara ya lami Mama Vipimo alikuwa ameshalala, kichwa kwenye kioo, na fundi akapunguza mwendo kila alipoona shimo mbele.